Muhula wa chuo kikuu na saa ya jangwani

Mwaka 2000, jijini Sydney, michoro minne mikubwa ilipigwa mnada pamoja na kazi nyingine za sanaa. Ilichorwa na wanaume na wanawake wa Kintore na Kiwirrkurra, jamii mbili za Wapintupi, watu wa asili wa jangwa la Australia. Sababu ya kuchora ilikuwa ugonjwa wa figo. Wagonjwa wao walilazimika kuhamia Alice Springs, zaidi ya kilomita 500 kutoka Kintore, ili wasafishwe damu, na huko waliishi na kufa mbali na ndugu na ardhi yao. Mnada ulikusanya zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 2004 huduma ya kusafisha damu ikaanza Kintore kwenyewe. Taasisi iliyozaliwa na juhudi hizo inajulikana kama Purple House. Leo inahudumia jamii nyingi za mbali, na pia inaendesha biashara ndogo ya marhamu yanayotengenezwa kwa mimea ya jangwani.

Hiyo ndiyo biashara ya kijamii ya watu wa asili: inauza ili watu wake waishi wanakotaka kuishi. Sasa vyuo vikuu vya Australia, Canada na New Zealand vinataka wanafunzi wajifunze kwa kushirikiana na biashara za namna hii. Kwa kawaida kikundi cha wanafunzi wa biashara, sheria au ubunifu hupewa tatizo halisi, wakalifanyia kazi muhula mmoja, wakawasilisha ripoti na kupata alama. Vyuo vinasema kila upande unafaidika. Wakosoaji wanasema ni unyonyaji ule ule wa zamani, safari hii kinachochimbwa ni muda na maarifa ya watu wa asili. Nadhani pande zote mbili zina hoja, ila hazina uzito sawa.

Tuanze na wanafunzi. Mwanafunzi wa biashara hufundishwa kugawanya gharama kwa idadi ya wateja. Mpe hesabu za mashine ya kusafisha damu katikati ya jangwa, na yeye kwa nia njema kabisa atapendekeza wagonjwa wahamishiwe mjini, mahali ambapo muuguzi mmoja anahudumia wengi zaidi. Kwenye karatasi hajakosea. Lakini jibu lake ndilo tatizo lenyewe ambalo watu wa Kintore walichora ili waliondoe. Sijui njia nyingine ya kumwonyesha hilo iliyo bora kuliko kumkalisha mbele ya watu waliokataa hesabu yake na bado biashara yao ikasimama.

Faida nyingine huja baadaye, na vyuo haviizungumzii vya kutosha. Tangu Julai 2015 serikali ya Australia ina sera ya kutenga sehemu ya mikataba yake kwa kampuni za watu wa asili, lengo la awali likiwa kufikia asilimia 3 ya mikataba hiyo. Maofisa wengi wanaoamua nani apewe mkataba ni wahitimu wa vyuo hivi hivi. Na sera hiyo ina wadanganyifu wake, kampuni zinazomweka Mwaborigini mmoja, yaani mtu wa asili wa Australia, mbele kama kivuli huku pesa zikienda kwingine. Ndiyo maana serikali ilitangaza kuwa kuanzia Julai 2026 kumiliki nusu hakutatosha tena, lazima watu wa asili wamiliki au wadhibiti asilimia 51 au zaidi. Ofisa aliyewahi kukaa wiki kadhaa ndani ya biashara ya kweli atajua maswali ya kuuliza anapoletewa ya kivuli. Hiyo ni faida kwa jamii nzima, hata kama ripoti aliyoiandika akiwa mwanafunzi ilibaki kabatini.

Sasa upande wa pili, ambao unanisumbua zaidi. Chukua biashara ya marhamu yenye wafanyakazi watatu. Asubuhi moja wanafika wanafunzi watano na orodha ya maswali. Meneja anaacha maagizo ya wateja, anaeleza historia ya biashara, nani anachuma majani, kwa nini msimu huu hakuna. Baada ya miezi mitatu anapokea ripoti ndefu inayomshauri aboreshe tovuti. Mwaka unaofuata wanakuja wengine watano na orodha ile ile, kwa sababu waliotangulia wamehitimu na mhadhiri amebadilishwa somo. Meneja amefundisha vikundi viwili bila kulipwa hata senti.

Halafu kuna kalenda. Muhula ni majuma kumi na kitu, na tarehe ya kuwasilisha haisogei. Katika jamii nyingi za Waaborigini mtu akifariki kazi husimama, watu husafiri mbali kwenda msibani, na ofisi inaweza kufungwa bila mtu kujua itafunguliwa lini. Mwanafunzi anaona alama zake zikipotea, mhadhiri anapiga simu. Simu ile, inayoita katikati ya msiba, inaeleza ushirikiano huo kuliko hati yoyote iliyotiwa saini.

Na kuna maarifa. Ripoti ikitaja mmea upi, unachumwa lini na unachemshwa vipi, inaondoka na kitu ambacho hakikuwa cha meneja peke yake kukitoa. Hofu hii ina msingi: mwaka 2022 Tume ya Tija ya Australia, chombo cha serikali kinachochunguza masuala ya uchumi, ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya pesa zinazotumika kununua kumbukumbu za kitalii zenye mtindo wa Kiaborigini huishia kwenye bidhaa zisizobuniwa na Waaborigini. Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za watu wa asili wa Canada, yaliliona hilo mapema. Mwaka 1998 waliweka kanuni nne kuhusu taarifa zao: kuzimiliki, kuzidhibiti, kuzifikia na kuzishika mikononi mwao wenyewe. Kazi ya mwanafunzi ingepaswa kupimwa kwa kanuni hizo kabla haijapimwa kwa alama.

Watetezi hujibu kwamba kazi ya bure ya wanafunzi ndiyo malipo. Siikubali hoja hiyo. Kazi ya anayeanza inahitaji msimamizi, na usimamizi ni kazi. Mwanafunzi amelipa ada ya somo, mhadhiri analipwa mshahara, na aliyefundisha kweli anaambiwa amesaidiwa. Biashara ilipwe kama mwalimu anavyolipwa.

Lakini wanaotaka mipango hii ifutwe nao siwaungi mkono. Wapintupi wamefanya kazi na wageni kwa miaka mingi. Kampuni ya sanaa ya Papunya Tula, iliyoanzishwa mwaka 1972, inamilikiwa na wachoraji wenyewe, na imeajiri mameneja kutoka nje ya jamii. Mgeni anakaribishwa, ila anakuja akiwa ameajiriwa, anaweza kufukuzwa, na wenye kampuni ndio wanaosema kazi ni ipi. Mipango mingi ya vyuo imeugeuza uhusiano huo juu chini: chuo kinachagua swali, kinapanga tarehe, kinatoa alama, kisha kinaiomba jamii ishiriki.

Kuurudisha sawa kunawezekana. Swali litoke kwa biashara. Somo lienee mwaka mzima, na anayefiwa asipigiwe simu. Jamii isome ripoti kabla ya mhadhiri, na iwe na haki ya kufuta kilichomo. Wanafunzi wa kila mwaka waanze kwa kusoma walichokiacha waliotangulia, ili meneja asirudie historia yake. Hivyo, bila shaka, wanafunzi wachache zaidi watapata nafasi, na vyuo vinavyopenda idadi kubwa havitafurahi.

Kwa hiyo chuo kikinieleza kuhusu ushirikiano wake na biashara ya watu wa asili, sitauliza wanafunzi wangapi wamepitia. Nitauliza ni mara ngapi biashara hiyo imekiambia hapana mwaka mmoja, na mwaka uliofuata kikarudi kuomba tena kwa heshima.