Burma Hawakufika

Juzi, tarehe 12 Februari, mtu katupia kwenye kundi letu la WhatsApp habari ya kuzama kwa meli ya kivita ya abiria, Khedive Ismail, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nikaisoma yote. Wauguzi wamo, wameliliwa vizuri. Nahodha wa manowari iliyoisindikiza yumo, na fadhaa zake zote. Askari wetu? Sentensi moja, nusura watajwe pamoja na mizigo. Ahsanteni sana.

Tuhesabu basi. Februari 1944 meli iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo, katika msafara wa meli tano zilizobeba wanajeshi. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, safari yao ya vita vya Burma. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Wajapani, I-27, ikaipiga kwa topido. Dakika mbili hazikutimia, meli chini. Walikufa 1,297. Haya, niambieni, msiba huu ni wa nani?

Wanawake 77 walikufa siku ile, sikatai, nao ni watoto wa watu. Na nahodha wa manowari alibanwa: nyambizi ilijificha chini ya walionusurika, akaamuru mabomu ya majini yatupwe palepale walipokuwa wakielea. Sawa, hakuwa na njia. Nyambizi ikazama. Lakini aliyekuwa akielea pale naye alikuwa na jina.

Kijijini kwetu palikuwa na bibi ambaye hakuwahi kumwekea kakaye matanga. "Kaenda keya," yaani jeshi la Mwingereza la KAR, basi. Hakusema kafa. Kafia wapi, nchi kavu au baharini, hakuna aliyekuja kumwambia. Sisi watoto tulikuwa tunamwigiza, tunacheka. Naona haya hata kuliandika hili.

Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba majina ya walioangamia na meli hii yapo! Yameandikwa Nairobi, kwenye makaburi ya vita kando ya Ngong Road. Tunapita na matatu kila siku tukilaani foleni. Shuleni nilikaririshwa siku Hitler alipoivamia Poland. Khedive Ismail sikuisikia hata mara moja, na hapo Mwingereza simlaumu. Burma kwetu Nairobi ni soko la nyama choma.

Mwakani tarehe 12 Februari nitakwenda makaburini, niyasome majina yao kwa sauti mpaka koo linikauke. Anayetaka tuongozane, getini saa nne asubuhi. Aje na maji.