Nani anampa pole aliyetoa maiti kwenye basi?

Mtu aliyekulia Ilula, mkoani Iringa, haambiwi breki iliyoungua inanukaje. Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo yanaposhuka mteremko wa Kitonga, harufu ile hutangulia. Nilidhani nimeiacha huko. Mwaka jana, huku Uingereza ninakofanya kazi kwenye gari la wagonjwa, tuliitwa kwenye ajali barabara kuu, lori limepanda gari dogo lenye mtoto ndani. Nilipofungua mlango, harufu ni ile ile ya Kitonga. Kazi niliifanya. Usiku niliporudi chumbani nikakaa na viatu miguuni mpaka kukakucha.

Siku ya tatu mwenzetu mmoja wa kituoni, mama mtu mzima aliyeendesha magari ya wagonjwa miaka mingi, alinitafuta. Alikuja na vikombe viwili vya chai, akaniambia hakuja kwa niaba ya bosi, na nisichotaka kusema nisikiseme. Akauliza kabla ya tukio nilikuwa nafanya nini, baadaye nalalaje, nakulaje, kuna ninachokikwepa. Nilianza na yule mtoto, nikajikuta nimefika Iringa. Mwezi mmoja baadaye alirudi na maswali yale yale, alinganishe. Mpango huo unaitwa TRiM, ulianzia kwa makomando wa jeshi la majini la Uingereza miaka ya 1990. Anayekuja kukaa nawe si daktari, ni mwenzako wa kazi aliyefundishwa kusikiliza na kujua lini akupeleke kwa mtaalamu.

Sasa nyumbani. Nilikuwa muuguzi mapokezi kwenye hospitali moja ya kando ya barabara ile ya Kitonga. Alfajiri moja basi na lori viligongana, tukapokea majeruhi mpaka wakalazwa sakafuni. Mchana, zamu ilipoisha, nikamkuta dereva wetu nyuma ya jengo, bombani, anaosha gari la wagonjwa kwa brashi na sabuni ya unga. Maji yaliyokuwa yanatoka mlango wa nyuma yalikuwa meupe kabisa. Aliendelea kusugua. Nikamwambia, "Shikamoo baba, imeshatakata." Akasema, "Bado." Nikaenda zangu kulala.

Miezi iliyofuata alianza kunywa ulanzi, pombe ya mianzi, tena asubuhi. Akawa akisikia honi ya basi anasimama ghafla katikati ya sentensi. Tukasema mzee ameharibika. Akaandikiwa barua ya onyo. Hakuna aliyeunganisha bomba lile na ulanzi ule, hata mimi niliyekuwepo, tena nimesomea uuguzi. Nilichomwambia siku moja kwenye korido ni, "Baba, jikaze." Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Machi 2015 ilipotokea ajali ya Changarawe, pale Mafinga, zaidi ya watu 40 walikufa basi lilipoangukiwa na kontena. Nchi nzima ililia, na ilistahili. Lakini kuna watu waliinua chuma kile na kuwatoa waliokuwa chini yake, kisha wakarudi nyumbani kula ugali na watoto wao. Hao sikusikia mtu akiwauliza.

Na hapa ndipo nawabishia Watanzania wenzangu wa huku wanaosema nyumbani hatujui mambo haya. Tunayajua kuliko Wazungu! Mtu akifiwa Ilula, majirani wanakuja na kuni na unga, wanalala matangani, wanakaa naye hata bila neno. Huku niliko, jirani yangu wa ukuta mmoja hajui kazi yangu ni nini. Mama yule wa chai alinifanyia kile ambacho shangazi zangu wangefanya bila kozi yoyote. Tatizo ni kwamba matanga yetu yana mwenyewe, naye ni mfiwa. Zimamoto aliyekata bati, muuguzi, trafiki aliyefunika miili kwa khanga za kuazima, hao hawakufiwa na ndugu, kwa hiyo hawana msiba. Pole inawapita pembeni.

Ninachoogopa ni kuiga vibaya. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyewahi kuwa zimamoto, aliandika utaratibu wa kuwakusanya waokoaji siku chache baada ya tukio wasimulie waliyoyaona, ukaenea dunia nzima. Baadaye tafiti zilipopimwa pamoja, kikao kimoja cha kumsimulisha mtu yaliyompata hakikuonekana kuzuia kiwewe, na wengine waliumia zaidi. NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba hapa Uingereza, ilisema mwaka 2005 kisiwe kitu cha kufanywa kwa kila mtu. Kwa hiyo msije mkawapanga vijana wa zimamoto ukumbini, mgeni rasmi mbele, kila mmoja asimame aeleze. Wiki za mwanzo wengi hupoa wenyewe wakiwa na watu wa karibu. Wa kuangaliwa ni yule ambaye mwezi umepita na ndoto hazijamwacha, anashtuka ovyo, anakwepa njia.

Kila kituo kichague watu wawili watatu, wachaguliwe na wenzao wa zamu, si mkuu. Wafundishwe. Wanachoambiwa kisifike kwenye faili la mtu, maana siku kikifika, hakuna atakayefungua tena mdomo. Nani anataka kuitwa wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili? Wapewe saa za kazi kwa ajili hiyo, na nauli. Na wasiwasahau bodaboda na wauza nyanya wa barabarani, ambao hufika kabla ya yeyote kupiga 114, namba ya zimamoto.

Mwezi uliopita nilimpigia yule dereva. Amestaafu, analima mahindi. "Kamwene, baba." Tukaulizana mvua, wajukuu. Nikamweleza habari ya mama anayekuja siku ya tatu.

"Anakuja na dawa?"

"Hapana baba. Anakuja na chai."

"Basi?"

"Basi."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaanza kusimulia alfajiri ile, tangu walipomgongea mlango, taratibu, mpaka pale bombani. Sikumkatiza.