Machweo yanaficha mengi

Ukiingia kwenye maonesho ya sanaa ya wanafunzi hapa Unguja, picha ya kwanza kukuvuta huwa ni ileile: mbingu ya chungwa, mnazi mweusi, ngalawa nyeusi, na pengine mwanamke mweusi tii mwenye ndoo kichwani. Inaonekana tangu mlangoni, na mara nyingi ndiyo inayopata mnunuzi mapema. Mimi nasema ipite. Ubaya haina, ila haikwambii lolote juu ya aliyeichora. Kivuli cheusi hakina vidole, hakina macho, hakina mkunjo wa nguo wala mguu unaokanyaga mchanga. Kila kilicho kigumu kimezamishwa kwenye weusi. Anayejifunza machweo kwa mtindo huo anajifunza kukwepa, na mwalimu wake ni soko. Maduka ya Mji Mkongwe yamejaa picha hiyo kwa kila saizi, na mtoto ana macho.

Nenda kwanza kwenye karatasi. Maonesho mengi ya skuli yana kona ya michoro ya penseli, aghalabu imebandikwa nyuma ya mlango kwa kuwa haina rangi za kumpendeza mgeni rasmi. Hapo simama robo saa. Tafuta mikono. Kosa la kawaida ni vidole vinavyoanzia kwenye mstari mmoja ulionyooka kama meno ya chanuo, na dole gumba lililopangwa safu moja na wenziwe. Mkono wa kweli una vifundo vilivyojipinda kama upinde, na dole gumba hutokea ubavuni, karibu na kifundo cha mkono. Ukubwa nao una kipimo chepesi: weka mwisho wa kiganja chako kidevuni, ncha ya kidole cha kati itafika karibu na pale nywele zinapoanzia. Ukiona mtu amechorwa na viganja vidogo kama vya mtoto mchanga, ujue mchoraji amechora anachokijua kichwani na hakutazama.

Sasa angalia pale palipofutwa. Karatasi iliyochakaa kwa ufutio, yenye mstari wa zamani bado unaonekana chini ya mstari mpya, ni habari njema. Mtoto aliona, akakosea, akaona tena. Mchoro safi mno wenye mstari wa uzito mmoja kuanzia utosini hadi unyayoni, bila kukazwa hapa na kulegezwa pale, aghalabu umepitishwa juu ya picha ya simu. Ikiwa ni uso, tazama pua: simu iliyoshikwa karibu huivimbisha pua na kuyasogeza masikio nyuma, na anayenakili hunakili na huo uvimbe.

Baada ya mikono, milango. Hakuna maonesho ya Zanzibar yasiyokuwa na mlango wa nakshi, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mfaa, ule ubao wa kati uliochongwa, umegongomewa kwenye ubao wa upande mmoja tu na hulalia ubao wa pili. Wanafunzi wengi huuchora katikati kabisa kama nguzo, una mstari wa giza kulia na mstari wa giza kushoto. Umependeza, umenyooka, na haufunguki! Aliyesimama mbele ya mlango wenyewe akautazama ukifunguliwa hawezi kukosea hapo. Nakshi nayo ina mpango wake. Kwenye milango mingi ya zamani samaki hukaa chini ya miimo, majani na maua hupanda kwenda juu, na mnyororo hupita ukingoni. Samaki akiwekwa juu ya kizingiti kwa kuwa nafasi ilibaki, huo si ubunifu, ni kujaza pengo.

Jahazi lina mtihani wa aina hiyohiyo, nao ni upepo. Tanga limejaa kuelekea kulia, bendera inapepea kushoto, na minazi ya ufukweni imetulia tuli. Kaskazi na kusi ndani ya karatasi moja. Mvuvi yeyote ataicheka, na kicheko chake ni uhakiki halali.

Halafu kuna Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu. Jumba hilo lilijengwa 1883 zama za Sultani Barghash, na tarehe 25 Disemba 2020 mnara na sehemu ya upande wa mbele vilianguka. Bado kila mwaka linaning'inizwa likiwa zima, saa na mnara juu. Si dhambi kuchora kilichokuwepo. Lakini mwanafunzi ambaye leo ana umri wa miaka kumi na minne alikuwa mdogo sana siku ile, kwa hiyo anachora kutoka kwenye kadi au simu, na picha inapoa. Mimi ningetoa nafasi ya kwanza ukutani kwa mtoto atakayekaa Forodhani akachora kinachoonekana sasa.

Wageni kutoka nje hulalamika kwamba wanafunzi wetu hawachori nyuso. Wapo wanaoacha kuchora viumbe kwa imani, na hilo si upungufu wa kipaji. Kipaji chao kitafute kwenye khati, yaani sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu, na kwenye nakshi, na huko pia ujue pa kutazama. Khati hupimwa kwa nukta: ule mraba ulioinama unaoachwa na ncha ya kalamu ya mwanzi ikibonyezwa mara moja. Katika mwandiko uitwao thuluthi, herufi ya alifu huwa na urefu wa takriban nukta saba za kalamu ileile. Mwanafunzi aliyechora herufi kwa penseli kisha akajaza wino kwa brashi hujulikana mara moja, maana nukta zake ni za mviringo, na unene wa herufi unabadilika mahali ambapo kalamu isingeweza kugeuka. Ya namna hiyo ni picha ya khati, haijawa khati.

Kuhusu vifaa, omba ruhusa ugeuze picha utazame mgongo. Wengi hutumia merikani, kile kitambaa cha pamba, iliyowambwa kwenye fremu ya mbao, na rangi ya mafuta ileile ya kupakia milango na madirisha. Ukiona madoa ya manjano yametokeza nyuma, kitambaa hakikuandaliwa, na mafuta yameshaingia kwenye nyuzi; baada ya miaka kitakauka na kukatika. Matayarisho si ghali: fua merikani kuondoa wanga, iwambe, paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa sehemu moja kwa maji sehemu mbili, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji, kila mkono ukikauka na kupigwa msasa laini. Wakati wa masika uache ulale usiku mzima. Ukiharakishwa, unyevu hunaswa ndani na ukungu huanza kutoa madoa meusi kwa nyuma. Na rangi ya maji isipakwe juu ya rangi ya mafuta, hubanduka kama ngozi ya nyoka, kuanzia pembeni.

Rangi ile ya mafuta ina tabia zake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuitumia Dar es Salaam 1968, juu ya vipande vya mbao za kutengenezea dari, aliipa kazi inayoiweza: mapande bapa yanayong'aa, mistari wazi, madoadoa. Alifariki 1972, na mtindo ukabaki na jina lake. Mwanafunzi anayetaka mashavu laini na vivuli vinavyoyeyukiana kwa rangi hiyohiyo atapata tope, na tope hilo lisihesabiwe kuwa ni uzembe wake. Kapewa kifaa kisichoendana na nia yake.

Kuna makosa ambayo si ya wanafunzi hata kidogo. Kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa hupanda unyevu kutoka chini na kutoa chumvi, misumari haishiki, na karatasi iliyobandikwa moja kwa moja hufanya mawimbi baada ya siku mbili tatu. Dawa ni kuning'iniza kwa kamba kutoka kwenye boriti, au kuweka vibao vya unene wa sentimita moja nyuma ya fremu ili hewa ipite. Katikati ya picha pakae sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Sielewi kwa nini kumbi zetu hupenda kuzitundika juu kama picha za viongozi. Na ufunguzi huwekwa saa kumi jioni, mgeni rasmi akafika saa kumi na moja, wakati jua la upande wa bahari linaingia dirishani moja kwa moja na kila kioo kimegeuka taa. Aliyekuja kutazama kazi na aje asubuhi ya siku ya pili.

Ukimkuta mchoraji amesimama karibu na kazi yake, usianze na bei. Wala usimwambie "hongera sana" ukapita, kashaambiwa hivyo na watu arubaini. Muulize alianzia wapi kwenye karatasi, na ni ipi aliyoifanya akakataa kuileta ukumbini. Swali la pili humfanya acheke kwa haya, aangalie kama mwalimu yuko karibu, kisha achutame na kuvuta faili lililofichwa chini ya meza.