Gemu za zamani zilikuwa kali kweli, au tulikuwa wadogo tu?

Wakikaa watu wa miaka ya 80 mwishoni na 90 wakaanza kuongelea gemu, haipiti muda utasikia mmoja anasema gemu za siku hizi hazina ladha, zile za zamani ndo zilikuwa gemu, na madogo nao wanajibu nyie mmekumbuka utoto tu hamna lolote. Mi naona pande zote mbili zinakimbilia hukumu kabla hata ya kuiangalia gemu yenyewe, na hiyo inaniuma kwasababu hizi gemu tunazipenda kweli, ila tunazisifia kwa mambo ambayo hata siyo ya kwake na yale ya kwake yenyewe hatuyataji.

Tuanze na madogo maana wana hoja. Wanasaikolojia walishaona zamani kwamba mtu mzima ukimuuliza habari za maisha yake, kumbukumbu zinazojaa zaidi ni za kuanzia miaka 10 hivi mpaka 30, kwahiyo ile gemu ya mpira Winning Eleven uliyocheza ukiwa darasa la sita ina nafasi kichwani ambayo gemu uliyonunua mwaka jana haiwezi kuipata hata iwe bora kiasi gani. Halafu kwetu sisi wengi hatukuchezea chumbani peke yetu, tulichezea banda la gemu. TV za chogo zimepangwa ukutani, kila moja na PlayStation 2 (PS2) yake, pedi zimeisha raba, benchi la mbao, mshindi anabaki aliyefungwa anapisha, nyuma yako wamesimama watu wanakuelekeza piga krosi piga krosi, na mwenye banda akisema muda umeisha anazima hata kama upo dakika ya 88. Sasa mtu aliyepitia hayo akikwambia hakuna gemu ya mpira itakayoifikia Winning Eleven, toa banda, toa zile kelele, toa ile hofu ya kwamba hela uliyolipia ni chenji ya sukari ya mama, kinabaki nini? Kinabaki Adriano wa Inter. Kwenye PES 6 ya 2006 (PES ni Winning Eleven ileile kwa jina lingine) nguvu ya shuti lake ni 99, unampa mpira mbali na goli huko unabonyeza mraba na kipa hana chake, tukawa tunakatazana kabisa kuchukua Inter. Kiukweli hiyo ni kasoro, mchezaji mmoja anaharibu mizani ya gemu nzima, lakini leo tunaisimulia kama utamu.

Ila ngoja, maana hapa ndo napotofautiana na wanaosema ni utoto tu. Chukua GTA San Andreas ya 2004. Kila aliyeicheza anakumbuka ramani kubwa kupita kiasi, unatoka Los Santos unapita mashamba, unapita Mlima Chiliad, unaingia San Fierro unahisi umesafiri mkoa mwingine kabisa. 2021 Rockstar, kampuni yenye gemu hiyo, wakatoa toleo lililotengenezwa upya na ule ukungu wa mwanzo uliokuwa unaficha vya mbali ukawa umeondolewa. Watu wakapanda ndege wakapiga picha, kumbe miji yote mitatu inaonekana kwa mpigo, iko karibu karibu, mlima wenyewe kilima tu. Wengi wakasema umeona, kumbukumbu ilitudanganya. Mi nasema hapana, aliyetudanganya ni aliyetengeneza gemu, na alifanya makusudi na alifanya vizuri sana. PS2 haikuwa na nguvu ya kuchora vitu vya mbali kwahiyo ukungu ulikuwa lazima, ila barabara walizipindapinda na milima wakaikatisha katikati ili usione unapokwenda, na kwa kufanya vile kaeneo kadogo kakawa nchi nzima. Ule ukubwa tuliouhisi ulikuwa ni kazi ya watu, siyo utoto wetu. Na ile toleo ya 2021 ilitoka na hali mbaya mpaka kampuni ikaomba radhi, mabango ya barabarani yana herufi zimekosewa, mvua inashuka kama mistari myeupe huoni mbele, kwahiyo aliyelalamika alikuwa na haki hata kama hajawahi kuliona banda la gemu maishani.

Kuna kitu kingine watu wanakisahau wanaporudi kujaribu gemu za zamani leo, kwamba hata hicho kipimo chenyewe hakiko sawa. Picha za gemu zile zilichorwa kwa ajili ya TV ya chogo, ile skrini inalainisha kingo na kuchanganya rangi zilizo jirani, ukiichomeka kwenye flati kubwa ya sebuleni unaona vipande vipande unasema kumbe ilikuwa mbaya hivi. Haikuwa hivyo. Sony wenyewe 2018 walitoa kale kamashine kadogo ka PlayStation Classic kenye gemu 20 na Tekken 3 wakaweka toleo la Ulaya la picha 50 kwa sekunde badala ya 60, gemu ya kupigana ikawa nzito nzito na walionunua wakalalamika sana. Mtu akiigusa pale kwa mara ya kwanza ataondoka anajua Tekken 3 ni gemu ya kawaida tu, na siyo kweli.

Sasa zipo ambazo tunazitetea na hazitetewi. Contra, ile ya kukimbia na kupiga risasi! Tulikuwa tunasema ile ndo gemu ngumu, ya wanaume. Ukweli ni kwamba ukiijua vizuri unaimaliza ndani ya nusu saa, ugumu ndo ulikuwa unaficha ufupi, roho tatu tu na hakuna kuseva, roho na nafasi za kuendelea zikiisha unarudi mwanzo. Ilianzia mashine za kutumbukiza sarafu mwaka 1987 na mashine zile zinaishi kwa wewe kufa haraka. Ndo maana ile kodi ya siri ya kubonyeza juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A ya roho 30 ilisambaa mtaani kuliko gemu yenyewe.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kumpa pedi mtoto ambaye hakuwepo, bila kumpa hadithi. Mpwa wangu ana miaka 11. Tekken 3 aliichukua akamchagua Eddy, akawa anabonyeza mateke hovyo na ananipiga, hajauliza kuhusu grafiki hata mara moja. San Andreas akaenda nayo vizuri mpaka ile misheni ya kulifukuza treni na Big Smoke, akashindwa, akagundua inabidi aianze upya tangu mwanzo maana hamna kuseva katikati, akaweka pedi chini akasema, "Mjomba, hii inapoteza muda." Na yupo sahihi kabisa, pale siwezi kuitetea. Upande mwingine kuna yule kijana wa miaka 13 wa Oklahoma aliyeicheza Tetris ya Nintendo mwishoni mwa 2023 mpaka gemu yenyewe ikaganda, kitu ambacho hakuna binadamu aliwahi kufika. Ile Tetris ni ya 1989. Huyo anakumbuka utoto gani?

Vilevile tusikubali kila lalamiko lizimwe kwa neno utoto. Konami walipoigeuza PES kuwa eFootball Septemba 2021 ilitoka na sura za wachezaji za kutisha na timu za kuhesabu, na waliolalamika ni pamoja na madogo waliokuwa wanacheza PES mwaka mmoja tu nyuma. Hawakuwa na banda lolote la kulikumbuka, waliona tu kimepunguzwa nini.

Shida ninayoiona mimi ni kwamba huu ubishi unazidi kuwa mgumu kuupima. Utafiti wa 2023 wa Video Game History Foundation, taasisi ya kuhifadhi historia ya gemu, ulikuta asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena kihalali. Rockstar nao walipotoa lile toleo jipya waliziondoa zile za zamani kwenye maduka ya mtandaoni, mpaka watu wakapiga kelele ndo waliolinunua kwa kompyuta kwenye duka lao wakapewa na zile za mwanzo. Huku kwetu tulizoea CD za kuchoma na leo ni emyuleta za kwenye simu, yaani programu za kuiga mashine za zamani, kwahiyo mwenye bahati anapata ile yenyewe, wengine wanapata yoyote iliyopo. Dogo wa leo akiitafuta San Andreas mara nyingi anaangukia ile iliyotengenezwa upya, anaihukumu hiyo, na mimi niliyekaa pembeni yake natetea gemu nyingine kabisa ambayo yeye hajawahi kuishika.