Hela ya mafuta, RB na dhamana: kwa nini Tabora ina kauli mbili kuhusu polisi

Kaa nusu siku tu kwenye mnada wa Ipuli, pembeni ya mji wa Tabora, utasikia kauli mbili kuhusu polisi. Moja inasema bila hawa askari tungekuwa tumeshakwisha. Nyingine inasema ukienda polisi umeibiwa mara ya pili. Mara nyingi mtu mmoja huzitoa zote mbili kabla hajamaliza chai yake, na hakosei. Inategemea siku aliyofika kituoni alikuwa mlalamikaji au mtuhumiwa, na nani alikuwa kaunta.

Polisi wa mikutano ya siasa na uchaguzi wana mjadala wao, mzito, unaostahili makala yake. Hapa tunamzungumzia polisi wa kila siku, yule anayekutana na mfugaji, dereva wa bodaboda, mama aliyepigwa na kijana aliyelala mahabusu.

Ukubwa wa kazi kwanza, maana wanaolaumu huusahau. Mkoa wa Tabora una zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.3. Sehemu kubwa ni pori la miombo, na ndani yake kuna wafugaji, wakulima wa tumbaku na warina asali waliotapakaa kuanzia Sikonge hadi Kaliua. Sasa chukulia ng'ombe 12 wameibwa usiku kwenye kijiji kilicho kilomita 80 kutoka makao makuu ya wilaya. Difenda la polisi kwenye barabara ya udongo hula lita moja kwa kilomita sita au saba hivi. Kwenda na kurudi ni kilomita 160, yaani lita 25. Kufuata nyayo porini, weka lita nyingine 15. Tukichukua dizeli kwa shilingi 3,000 kwa lita, safari moja imemeza shilingi 120,000, na bado haijulikani kama mwizi atapatikana. Wilaya hiyohiyo siku hiyohiyo ina ajali, ina mtu aliyejinyonga, ina mahabusu wa kupelekwa mahakamani.

Hapo ndipo inapozaliwa ile kauli maarufu: "Gari lipo, mafuta ndiyo hakuna."

Wanaowatetea polisi wanasema mwenye ng'ombe 12 ana mali ya mamilioni, laki na ishirini ni mchango wa kuokoa mali yake mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu, na wafugaji wengi wanaikubali kwa vitendo: wanachangishana, wanajaza tanki, ng'ombe wanarudi. Upande wa pili unauliza swali moja tu: risiti iko wapi? Mwenye ng'ombe 12 atachanga. Mjane mwenye mbuzi watatu atarudi nyumbani na namba ya RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yake kituoni, kwenye kipande cha karatasi. Na yule anayetoa pesa hana njia ya kujua kama ameweka dizeli kwenye gari au ameweka chakula mezani kwa mtu. Kwa maoni yetu wanaolalamika wana haki zaidi hapa. Askari mwaminifu aliyeomba mafuta kwa kweli na askari aliyeyala wanaonekana sura moja mbele ya raia, na anayeumia kwa kukosekana kwa risiti ni yule mwaminifu.

Pengo hili kati ya wizi wa ng'ombe na uwezo wa polisi si la jana. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukapamba moto, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wakaanzisha sungusungu, vikundi vya wanavijiji vya kujilinda. Polisi waliwatazama kwa wasiwasi, viongozi wa chama na serikali wakawaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili kuwatambua. Sheria iliwapa uwezo wa kukamata kama mgambo. Haikuwapa uwezo wa kuhukumu, kutoza faini ya ng'ombe wala kuchapa.

Mpaka leo ukiuliza Nzega au Igunga nani anakamata wezi, wengi watasema sungusungu, kisha waongeze kwa uchungu: "Sisi tunakamata, polisi wanaachia." Sentensi hii imeharibu sifa ya polisi kuliko rushwa yenyewe, na nusu yake haina ukweli. Tuifungue.

Kwanza, mtuhumiwa anakamatwa na sungusungu saa nane usiku. Anapigwa mpaka anataja. Asubuhi anafikishwa kituoni akiwa amevimba. Kuanzia hapo kesi tayari ina kidonda, kwa sababu mahakama haipokei ungamo lisilotolewa kwa hiari, na wakili wa utetezi ataanza na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ya mtuhumiwa, siyo ya mlalamikaji. Pili, polisi wenyewe wana saa nne za msingi za kumhoji mtu na kuandika maelezo yake ya onyo (yale anayotoa baada ya kuonywa kuwa yanaweza kuwa ushahidi) tangu awe chini ya ulinzi; muda wa safari ya kumleta kituoni haumo, na wanaweza kuongeza kwa utaratibu maalumu. Mpelelezi akimwacha mahabusu hadi kesho yake ndipo aanze kuandika, bila kuongeza muda, maelezo hayo yanaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu za mahakama. Kosa hili ni la polisi peke yao, na limewaacha huru watu ambao kijiji kizima kinajua walichofanya.

Tatu ni ng'ombe mwenyewe. Wizi wa mifugo adhabu yake inaweza kufika miaka 15, kwa hiyo hakimu anataka uhakika. Mwenye mali akifika kaunta huandikisha "ng'ombe wekundu wanne, weupe wawili", anachukua RB, anaondoka. Wiki mbili baadaye ng'ombe wanakamatwa mnadani, anaitwa, anawaona, ndipo anasema: huyu ana kovu begani, huyu sikio la kushoto limekatwa. Amechelewa. Mahakama inataka alama zitajwe kabla mali haijaoneshwa, la sivyo yeyote anaweza kumtazama ng'ombe na kusoma alama zake. Kwenye maelezo ya kwanza kabisa yanatakiwa kuwemo idadi, jinsia, rangi, chapa na mahali ilipo, mfano paja la kulia, mkato wa sikio, umbo la pembe, makovu. Askari mzoefu humuuliza mlalamikaji hayo moja baada ya jingine. Askari mvivu huandika anachoambiwa. Na ng'ombe wakikamatwa lazima iandikwe hati ya ukamataji papo hapo, isainiwe na aliyekutwa nao na shahidi huru, siyo na askari watupu.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Ng'ombe ni kielelezo kinachokula. Nyuma ya kituo, mwezi Septemba, majani yamekwisha, maji ni ya ndoo, na kesi imeahirishwa mara ya tatu kwa maneno yaleyale: upelelezi haujakamilika. Ng'ombe anakonda, ndama anakufa, mwenye mali anasema polisi wamekula ng'ombe wake. Dawa yake ipo: mpelelezi anapiga picha, anaomba amri ya hakimu, mnyama anarudishwa kwa mwenyewe huku kesi ikiendelea. Kila mlalamikaji aulizie amri hiyo siku ya kwanza kesi inapotajwa.

Sasa dhamana, ambayo ndiyo moyo wa "polisi wanaachia". Mtu akikamatwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Isipowezekana na kosa lina dhamana, polisi wanaweza kumpa dhamana. Wizi wa ng'ombe una dhamana. Mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha havina. Mtuhumiwa akionekana gengeni siku ya tatu haina maana kesi imekufa wala kwamba kuna aliyehongwa. Katiba inakataa kumtendea mtu kama mkosaji kabla hajahukumiwa. Mwanakijiji analisikia hili kama dharau, na tunaelewa kwa nini, maana mtu aliyemkamata ndiye atakayekutana naye kisimani. Polisi wangepunguza nusu ya hasira hiyo kwa kumpigia simu mlalamikaji na kumwambia: ametoka kwa dhamana, mdhamini wake ni fulani, ataripoti siku fulani. Simu ya dakika mbili. Mara chache sana inapigwa.

Ubaya unaanza dhamana inapouzwa. Kituoni kinachotakiwa ni mdhamini mwenye kitambulisho, mara nyingi na barua ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, anasaini, mtuhumiwa anapewa tarehe ya kuripoti. Hakuna malipo. Bango la "dhamana ni bure" limebandikwa vituo vingi, na chini ya bango hilohilo kuna mama anafungua pindo la kanga. Ijumaa jioni ndiyo saa mbaya zaidi: mahakama imefungwa, aliye mahabusu atakaa mpaka Jumatatu, na kila mtu chumbani anajua bei ya wikiendi.

Kubambikiwa kesi nako Tabora si uvumi. Mwaka 2019 mfanyabiashara mmoja wa mkoa huu alifutiwa kesi ya mauaji baada ya malalamiko yake yaliyotoka gazetini kumfikia Rais John Magufuli, ikachunguzwa na kuonekana amebambikiwa. Wanaosema hayo ni mambo ya askari mmoja mmoja wajiulize mtu asiyeweza kufikisha barua gazetini angetokaje.

Kuhusu trafiki hatutakaa sana, yanajulikana. Mwaka 2021 faini ya kosa kwa gari ilikuwa shilingi 30,000, na bajeti ya mwaka huo ilileta punguzo la bodaboda na bajaji hadi 10,000. Ukiandikiwa unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Dereva anayetoa elfu tano mkononi "yaishe" ameshiriki biashara hiyo, na hawezi kumlaumu askari peke yake.

Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoundwa Januari 2023 na kukabidhi ripoti Julai mwaka huohuo, ilipendekeza Jeshi la Polisi lifumuliwe na ligeuke kuwa chombo cha huduma. Wengine wanaona kuondoa neno "jeshi" ni kubadilisha kibao cha dukani. Sisi tunaona jina lina uzito wake, kwa sababu askari aliyefunzwa kama mwanajeshi humsalimia mkubwa wake kwanza, na mlalamikaji kwenye benchi anasubiri. Lakini kwa Tabora tungeanza na kitu kidogo kuliko jina.

Polisi kata wamepelekwa kwenye kata, na ni hatua nzuri. Anayelala kijijini anazijua njia za wezi na anaijua familia inayosingiziwa. Wengi wao wanategemea pikipiki, na pikipiki inataka petroli. Halmashauri zinakusanya ushuru wa kila ng'ombe anayeuzwa mnadani. Sehemu ndogo ya ushuru huo iwe mafuta ya kufuatilia wizi wa mifugo, na kila safari iandikwe kwenye daftari linalokaa ofisi ya kata: tarehe, namba ya RB, kilomita, lita, jina la askari. Mwenyekiti wa kijiji awe na ruhusa ya kulifungua. Mjane wa mbuzi watatu akiambiwa mafuta hakuna, aende akatazame mwenyewe lita za wiki ile zilikwenda wapi.