Kutazamwa mara milioni 100 na kizindalo cha Nakivale

Ushauri wanaopewa viongozi wa mashirika madogo ya hisani hapa Uganda siku hizi ni mmoja: ingieni mitandaoni, mposti kila siku, wafuasi watakuja na michango itafuata. Shirika linalotegemea redio ya wilaya na kizindalo, ile honi inayofungwa juu ya mti mrefu pale senta, linaonekana limelala. Ushauri huo una ukweli wake. Ila kuna mtu umemsahau, naye ni mfuasi asiye na bando.

Ukweli wenyewe kwanza. Mawimbi ya redio ya Mbarara hayamfikii Mganda aliyeko London, lakini picha ya kisima kilichochimbwa asubuhi inamfikia kabla ya jioni. Dakika za redio zinalipiwa, ukurasa unafunguliwa bure. Tena swali lililokosa jibu redioni hupotea kipindi kikiisha, lakini kwenye kundi la WhatsApp linabaki palepale, na kila mtu anaona kwamba shirika limenyamaza. Kwa uwajibikaji, hilo ni jambo kubwa.

Lakini mitandao ni nyumba ya kupanga, mwenyewe akifunga mlango huna la kufanya. Julai 2018 tulianza kutozwa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii. 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na iliporudi Facebook ilibaki imefungwa, haifunguki bila VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Waliokuwa wamekusanya wafuasi wao wote huko waliamka wakiwa nje ya mlango. Redio nayo hufungwa, kituo cha CBS cha Kampala kilizimwa mwaka mzima kuanzia Septemba 2009, lakini kituo kimoja kikifungwa vingine vinaendelea kusema.

Hata hivyo, jambo linaloninyima raha zaidi ni hesabu. Machi 2012 shirika la Marekani, Invisible Children, liliweka mtandaoni filamu ya Kony 2012, kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA walioteka watoto kaskazini mwa Uganda, na kwa siku 6 ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100. Sensa yetu ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6. Yaani filamu ilitazamwa karibu mara tatu ya Waganda wote, wachanga na vikongwe. Siku chache baadaye ikaonyeshwa Lira, mji wa kaskazini, usiku, uwanja wa wazi, kwa watu waliotekewa watoto na kuchomewa nyumba. Walifika kwa maelfu wakitaka kuona yaliyowapata. Wakamwona baba wa Kimarekani akimweleza mwanawe mdogo habari za Kony. Wakaona fulana na bangili zenye jina la mtu yule. Mawe yakarushwa, na shirika la wenyeji lililoileta likasitisha maonyesho mengine.

Kila nikisikia shirika likijisifia idadi ya watazamaji, narudi kwenye usiku ule. Filamu ilikuwa imeshatazamwa mara milioni 100, na wenye habari yao ndio waliokuja mwisho.

Miaka kadhaa kabla ya filamu hiyo, huko huko kaskazini, mjini Gulu, redio ya Mega FM ilikuwa imeanza kurusha kipindi cha Dwog Cen Paco, yaani rudi nyumbani. Waliokwisha kutoka porini kwa waasi wa Kony waliongea hewani kwa sauti zao, na wenzao waliobaki huko wakawasikia kwenye redio ndogo, wakajua kwamba aliyerudi hauawi. Wapo waliorudi kwa sababu hiyo.

Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, nilimwona kijana wa kizindalo akiisogeza simu yake kwenye maiki. Kikundi cha akina mama Wakongo kilikuwa kimemtumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, kwa Kiswahili, kikiomba sabuni na kanga kwa waliojifungua. Akaucheza mara mbili, kisha yeye mwenyewe akausema kwa Kinyarwanda. Kabla hajashuka kwenye kibanda, mama mmoja alikuwa chini na nusu mche wa sabuni mkononi, akiuliza: "Mwanangu, mmesema ni Alhamisi ama Ijumaa?"

Mama huyo ni mfadhili. Fomu za ripoti nilizowahi kujaza zina safu ya waliopenda ukurasa na safu ya waliotazama video. Yeye hana pa kuandikwa. Na kwa kuwa hahesabiwi, bajeti ya mwaka unaofuata nayo haimjui.

Bajeti hiyo ningepewa mimi, ningelipia kizindalo miezi 6 kwanza. Kisha ningemnunulia bando binti mmoja wa kikundi, arekodi sauti na kujibu maswali ya WhatsApp siku hiyohiyo yanapoulizwa. Video ya kuwaonyesha wafadhili wa ng'ambo ingengoja, na siku ikiwa tayari, ingeonyeshwa Nakivale kwanza.