Hizi takwimu za dakika 5 za mwisho tusizibebe kama zilivyo

Msimu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ukikaribia kuisha mabishano ni yaleyale, nani mwamba wa mechi za jino kwa jino, na siku hizi kila mtu anakuja na takwimu zake. Hesabu yenyewe inachukua dakika 5 za mwisho za robo ya nne, au muda wa nyongeza, timu zikiwa zimeachana pointi 5 au chini ya hapo. Tangu msimu wa 2022-23 kuna mpaka tuzo yake, De'Aaron Fox ndo alikuwa wa kwanza kuibeba, akafuata Stephen Curry. Tuzo sina neno nayo, mi shida yangu ni zile asilimia watu wanazorushiana.

Maana hizo dakika hazipo kila mechi, kuna siku timu inaongoza pointi 20 staa kashakaa benchi na taulo kichwani anacheka. Sasa tuseme msimu mzima mtu karusha mitupo 100 kwenye hizo dakika, zimeingia 50, watu wanamwita mwamba. Mitano tu ingegonga ringi ikatoka anakuwa na asilimia 45, na hapo ndo utasikia eti presha inamshinda. Mitano jamani!

Mchukulie Kawhi Leonard. Mwaka 2019 akiwa Toronto, mechi ya 7 na Philadelphia, ile ya mwisho ya kuamua nani anapita, 90-90, karusha muda unaisha, mpira ukadunda kwenye ringi mara 4 ukazama, Toronto wakapita. Kila mtu anakikumbuka hicho kikapu, ila siku hiyo alirusha 39 zikaingia 16, hiyo hamuisemi. Na Kawhi huyohuyo fainali ya 2013, mechi ya 6, akiwa San Antonio wanacheza na Miami, zimebaki sekunde kama 19 alipewa mitupo huru miwili akakosa mmoja. Ikawa 95-92, pengo la pointi 3, yaani mlango ukabaki wazi.

LeBron wa Miami akarusha ya pointi tatu akakosa, mwenzake Chris Bosh akadaka rebaundi, yaani mpira uliokataa kuingia, katikati ya watu, akampa Ray Allen aliyekuwa anarudi nyuma kinyumenyume kuelekea kona, twaa, 95-95. Miami wakashinda muda wa nyongeza na mechi ya 7 wakabeba kombe. Kwenye karatasi ile rebaundi ya Bosh ni moja tu, sawasawa na rebaundi ya robo ya kwanza ambayo hakuna hata mtu aliyeigombania.

Kwa hiyo mi nikiulizwa nani apewe mpira mechi ikikaza, naangalia anavyorusha mechi nzima kwa misimu mitatu minne, mitupo huru yake ikoje, na akibanwa na mabeki wawili anapoteza mpira au anamuona mwenzake. Vikapu vya ushindi naviangalia mwisho kabisa, na ukiniletea klipu zake niletee na za zile alizokosa.